Ibada Mlangoni mwa Bani

Siku tuliyomzika Didasi tuliokuwepo ni hawa: Bibiana mkewe, na binti zao Skola na Felista, Mzee Lukas, mwenyekiti wa kigango chetu, na mkewe Mama Veronika, Maganga na Kashindye, wadogo zangu, Mzee Anselmi, katekista aliyenitangulia, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kwenda na tulimkalisha kwenye kiti cha kukunja, Mzee Pazi, fundi baiskeli wa stesheni, na mimi, katekista. Watu wengine walikuwa wengi, wamesimama barabarani wakiangalia. Hao siwataji, kwa sababu sehemu kubwa ya siku ile hawakuwepo. Walikuja kuwepo baadaye, na nitasema ilivyotokea.

Mwezi uliopita nilikabidhi ufunguo wa kanisa. Padre ameniomba niwaandikie ninyi makatekista mnaoanza, niseme nilivyofanya kazi. Nilimwambia mimi niliishia darasa la tano. Akasema ndiyo maana anataka niandike, kwa kuwa waliosoma huandika mambo yasiyosomeka. Sijui kama alinisifu. Ya vyeo hayamo humu. Katekista hapandishwi cheo, huongezewa kigango cha pili.

Niliacha shule baba alipokufa. Mama alimfuata kabla mahindi hayajakomaa. Nilikuwa mkubwa wa watoto wote, na Kalunde, wa mwisho, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Kwenye mazishi ya mama, jirani mmoja alisema, si kwa ubaya, kwamba Mungu ameitazama nyumba hii. Alisema kwa sauti ya kunong'ona, ile ambayo watoto huisikia vizuri kuliko zote. Maganga akaniuliza, Dada, tumefanya nini? Nikamwambia anyamaze. Neno lile likakaa nasi ndani ya nyumba.

Mzee Anselmi alikuja siku chache baadaye, baiskeli yake imefungwa bomba la picha za mafundisho. Nilimwamkia shikamoo, na kabla hajamaliza marahaba nilimwuliza kama ni kweli Mungu ametuhukumu. Aliegemeza baiskeli ukutani. Akasema, "Sijui, mwanangu. Jembe lenu liko wapi?"

Akaenda shambani kupalilia. Mtu mzima, amevaa shati jeupe la kanisani, akapalilia mahindi yetu mpaka jua likawa kali, kisha akaondoka kwenda kufundisha wakatekumeni wake wa ubatizo, amechelewa. Alirudi tena na tena msimu ule. Nimesikia mahubiri mengi tangu hapo juu ya maongozi ya Mungu, mengine ya maaskofu. Kila ninapoyasikia namwona Mzee Anselmi na tope kwenye magoti.

Nilipopata nguvu ya kutembea naye nikawa nambebea bomba la picha, baadaye nikawa namsomea, kwa sababu macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Hivyo ndivyo nilivyosoma. Wenzangu walisoma darasani, mimi nilisoma njiani, nyuma ya baiskeli, kwa sauti, na kila nilipokosea yeye alikanyaga breki.

Picha zile mmezirithi, kwa hiyo niwaambie tabia zake. Zimechorwa kwenye kitambaa kigumu, na ukizikunja badala ya kuzivingirisha rangi hupasuka. Ya Gharika ndiyo watoto huipenda kwa sababu ya wanyama. Ya Siku ya Mwisho itundikeni kwa uangalifu. Mara ya kwanza nilipoitundika, wakatekumeni wote walikaa kimya wakihesabu waliosimama kulia na waliosimama kushoto, kisha bibi mmoja akauliza katekista amechorwa upande gani. Tangu siku hiyo naitanguliza picha ya mana jangwani. Watu wakishiba kwanza husikiliza hukumu vizuri zaidi.

Jumapili yangu ya kwanza niliyoongoza peke yangu ilijaa watu kuliko Pasaka. Kengele yetu, kama mjuavyo, ni rimu ya lori iliyoning'inizwa. Kwa ibada hupigwa polepole na kuachiwa ilie. Mimi nilikuwa na hofu, nikaipiga harakaharaka, nikaipiga sana, ili nisije nikaambiwa sikupiga. Kwetu rimu ikipigwa hivyo maana yake kuna bani linaungua. Walikuja wakikimbia na ndoo za maji, Wakatoliki, Waislamu, na wale wasioswali popote. Walipoona hakuna moto, wengine walikaa, maana walikuwa wamekwisha kufika. Mzee Anselmi alisema hajawahi kuona kigango kinachoitikia vile.

Sasa niseme habari ya mabani, maana wengine mnatoka mjini. Bani ni nyumba ndefu ya kwenda juu, ya tofali, isiyo na dirisha, tunayokaushia tumbaku. Majani hufungwa kwenye vijiti na kupangwa ndani toka chini hadi juu. Nje, mlangoni mwa tanuru, moto huchochewa usiku na mchana, na joto hupita katika mabomba yanayolala sakafuni. Moto ukilegea majani yanakuwa meusi, ukizidi yanaungua. Hauachwi hata saa moja, na haujui Jumapili. Ndiyo maana kila msimu wa kukausha, makanisa ya huku hubaki na wazee na watoto.

Mzee Anselmi hakuwakemea. Baada ya ibada ya kanisani alipanda baiskeli na kuzunguka kutoka bani hadi bani. Alisimama mlangoni mwa tanuru, akamsomea mchochea moto somo la siku ile, wakasali pamoja, akapanda tena baiskeli. Aliniambia mtu anayelinda moto yuko macho, na msikilizaji aliye macho ni nadra, hata kanisani. Nilipoachiwa kazi nikaendelea hivyo hivyo. Somo lifupishwe. Simama upande upepo unakotoka, la sivyo utasoma ukilia, na watu watadhani umeguswa.

Mzee Lukas hakuipenda ibada hiyo. Alikuwa mtu wa kweli, na naomba mnapoendelea kusoma msimfanye adui. Mwaka mmoja, wakati wa Kwaresima, alisikia habari ya mana. Jinsi watu walivyookota maradufu siku ya sita ili siku ya saba wapumzike, na kile kilichowekwa hakikuoza. Akaamini kama ilivyoandikwa. Jumapili ile aliuacha moto wake, akavaa koti, akaja kanisani na familia nzima. Bani lake lote likawa jeusi. Walikula mihogo mwaka huo. Hakulalamika hata mara moja, lakini tangu hapo hakuweza kumtazama mtu anayechochea moto Jumapili.

Didasi alikuwa mwimbaji wetu wa sauti ya chini. Wazazi wake walikuja na wakimbizi kutoka Burundi, akazaliwa Ulyankulu, akaoana na Bibiana huko huko, kisha wakahamia kwetu kutafuta shamba. Hawakuwa na ukoo hapa. Ukoo wao ulikuwa kanisa. Ilikuwa Jumapili ya mvua, na baada ya ibada nilikuwa nimepanga kuanzia bani lake. Kijiti kimoja kilikatika juu, majani yakaangukia bomba la moto, yakawaka. Didasi aliingia kuvuta vijiti vya chini kabla moto haujapanda. Alitoa vya kwanza. Alirudi kwa vingine, paa likamwangukia.

Rimu ilipigwa harakaharaka, safari hii kwa haki, na watu walikuja na ndoo.

Asubuhi yake Mzee Lukas aliniita pembeni ya uwanja wa msiba. Alisema ameongea na wazee wenzake. Mtu aliyekufa mbele ya tanuru Jumapili, wakati kengele imelia na ameisikia, hukumu yake imeonekana kwa macho. Azikwe kama jirani, bila sala za kanisa, bila kitambaa cha jeneza, na vijana wasitumwe kuchimba. Tena akasema, akiangalia chini, kwamba hii ndiyo ibada ya mabani ilikotufikisha.

Mwenyekiti hana mamlaka hayo, hilo mlijue. Lakini mvua ilikuwa imekata barabara, Padre hapatikani, na ufunguo wa kanisa mwezi ule ulikuwa kwake. Vijana walimwona amesimama hajatikisika, wakabaki barabarani. Bibiana aliyaona hayo yote kutoka mlangoni alipokaa na binti zake. Alijua maana yake. Siyo mazishi ya siku moja tu. Nyumba ikishaitwa iliyohukumiwa, hakuna atakayekuja kuchuma majani yaliyobaki shambani, hakuna atakayechumbia mabinti. Felista alikuwa na umri ule ule niliokuwa nao mimi siku jirani yetu aliponong'ona kwenye mazishi ya mama. Nilimwona anasikiliza.

Nilimwambia Mzee Lukas nitasali kaburini, kitambaa kiwepo kisiwepo. Nikawaomba wadogo zangu wachimbe. Maganga na Kashindye walivua viatu wakaanza, na udongo wa mvua ni mzito. Wawili kwa kaburi ni wachache. Wale barabarani waliangalia miguu yao.

Hapo ndipo Mzee Pazi alipotokea, akisukuma baiskeli isiyo yake. Yeye ni Mzaramo, aliletwa na reli ujanani akaoa huku, na ni Mwislamu wa kufunga na kuswali. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani toka enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka na mizigo kwenda pwani na kupita kwao. Mtani akikutukana msibani hukasiriki. Ukikasirika ndiyo aibu. Na mtani ana wajibu wa kuzika. Aliegemeza baiskeli, akaangalia kaburi lililofika magotini, akaangalia barabarani.

"Wanyamwezi," akasema, "babu zenu walibeba pembe za watu mpaka kwetu pwani, hawakuuliza mwenye pembe kasali wapi. Leo jeneza la jirani limewashinda?"

Mtu mmoja akakohoa. Mzee Lukas akamwambia, "Pazi, hapa ni msibani."

"Ndiyo maana nimekuja. Ingekuwa harusi usingenialika." Akavua kofia yake, akaiweka juu ya tandiko la baiskeli. "Nipisheni. Huyu marehemu ni mtani wangu."

Kashindye, aliye ndani ya shimo, akasema Warundi hawana utani na Wazaramo. Mzee Pazi akamjibu kwamba utani umeanza leo asubuhi, na kama ana kesi aipeleke kwa mwenyekiti, ambaye anaonekana hana kazi. Akateremka, akapokea jembe. Alikuwa mzee, alichimba vibaya, udongo ulirudi shimoni karibu wote. Kila jembe alilopiga alitoa tusi. Alisema kaburi la mtani wake linachimbwa na Mwislamu mwenye kiuno kibovu, wakati wenye dini yake wanalinda barabara isiibiwe. Alisema akifa yeye azikwe na Wagogo, angalau wana ng'ombe. Barabarani mtu akacheka, akaziba mdomo. Mwingine akacheka bila kuziba.

Bibiana naye alicheka, huku machozi yakimtoka. Nadhani kicheko chake ndicho kilichowavusha. Kijana wa kwanza akaja akachukua jembe mkononi mwa Mzee Pazi, kwa heshima, kama mtu anayempokea mgeni mzigo. Kisha wengine.

Mzee Lukas hakusogea. Nilimwendea, kwa sababu sasa alikuwa amebaki yeye peke yake upande wa pili wa uwanja, na mtu wa namna hiyo asiachwe. Nilitegemea aniseme. Badala yake aliniuliza kwa sauti ndogo sana.

"Dada, mimi niliacha majani yangu yakaoza. Watoto wangu wakalala njaa. Kama Didasi hana kosa, mimi niliacha kwa ajili ya nini?"

Kijiji kizima kiliniita Dada, hata waliokuwa na umri wa baba yangu, lakini siku ile lilinifika kama ananiita dada yake wa kuzaliwa. Miaka yote nilidhani ana hasira juu ya dhambi. Kumbe alikuwa anaililia tumbaku yake, na hakuwa amepata mtu wa kumlilia. Nilimwambia, "Uliacha kwa sababu unampenda Mungu, Mzee. Aliona. Sasa usimchape Didasi kwa upendo wako."

 Kutoka kwenye kiti chake Mzee Anselmi, ambaye tulidhani amelala, aliuliza kama kitambaa cha jeneza bado kina lile doa la mshumaa. Mzee Lukas akasema kipo, kimefuliwa. Akatoa ufunguo mfukoni, lakini hakunipa. Alikwenda mwenyewe kukileta, akatandika mwenyewe, akapapasa pembe zake zikakaa sawa.

Kwenye mazishi msiseme maneno mengi. Waliobeba wamechoka na wenye msiba hawasikii. Nilisema habari ya Ayubu tu, tena habari ya rafiki zake. Walipomwona amekaa kwenye majivu walikaa naye chini, kimya, na walifanya vizuri sana mpaka walipofungua midomo. Kisha wakaanza kumweleza Mungu anavyohukumu, na mwisho wa habari Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu. Nikasema mimi sijui kwa nini paa lilianguka. Nikasema yeyote atakayewaambia Skola na Felista kwamba anajua, amewaambia uongo. Nilikuwa nawaangalia wao wawili. Kusema kweli nilikuwa naangalia na watoto wengine, wa nyumba yetu ya zamani, ambao siku ile mmoja wao, Maganga, alikuwa na ndevu na tope la kaburi miguuni.

Nikadhani nimemaliza. Bibiana alisimama. Kwa kawaida mjane haulizi kitu kaburini.

"Dada. Mungu alimwona Didasi akiingia mle ndani?"

Nikasema alimwona.

"Akamwacha aingie?"

Watu wote walinitazama, na mimi nikamtazama Mzee Anselmi, ambaye hakuweza kunitazama. Neno la sijui nilikuwa nimekwisha kulisema, na halikumtosha, na sikumlaumu. Nikasema, "Nitakujibu, mama. Si leo."

"Haya," akasema. "Nakudai." Akatupa udongo wake.

Majani yaliyobaki shambani kwa Bibiana yalichumwa na jumuiya nzima, na kwa kuwa bani lake halikuwepo tena, yalikaushwa kwenye bani la Mzee Lukas. Jumapili iliyofuata nilipozunguka na baiskeli nilimkuta yeye mwenyewe mlangoni mwa tanuru, na koti lake la kanisani, anachochea moto wa mjane.  Nilisimama upande wa upepo nikamsomea somo. Alisema Amina, akaniambia nisogee, nazuia hewa. Aliendelea kuchochea kwake kila msimu mpaka alipokufa, na Mzee Pazi akamzika huku akimtukana vizuri sana.

Ibada ya mabani haikuhojiwa tena na mtu. Nawaomba msiiache, hata mkipewa pikipiki.

Lakini nilikuwa nadaiwa, na Bibiana si mtu wa kusahau. Miezi michache baada ya mazishi nilimpelekea habari ya Yusufu, jinsi ndugu zake walivyomtupa shimoni na Mungu akageuza ubaya ule kuwa chakula cha watu wengi. Alisikiliza mpaka mwisho huku akimenya mihogo. Akasema Yusufu alitolewa shimoni. Mwaka mwingine nilirudi na Ayubu, ile sehemu ya mwisho anapopata tena mifugo na watoto. Akaniuliza, "Na wale watoto wa kwanza?" Nikanywa uji wangu nikaondoka. Nilimwuliza Padre kwenye semina, akanipa maelezo mazuri, nikayaandika nisiyasahau. Bibiana alisema hayo ni ya Padre, yeye ananidai mimi.

Mengine yalikwenda vizuri. Skola ameolewa Urambo. Felista ana mabani yake mawili na ananikaripia nikichelewa na somo. Nimefundisha hapa watu waliobatizwa, na watoto wao, na sasa wajukuu. Niliwaambia wote kwamba Mungu anaona, na ninaliamini neno hilo leo kuliko nilipoanza. Ila kila ninapolisema nasikia swali linalofuata, kwa sauti ya Bibiana, nami husimama kidogo kabla sijaendelea. Wanafunzi wangu hudhani napumzika.

Siku ya kukabidhi nilimpa katekista mpya bomba la picha, kitambaa cha jeneza, baiskeli na pampu yake inayovuja, na nyundo ya rimu. Nikamfundisha kupiga polepole. Hili la Bibiana sikumkabidhi. Nilipotoka pale nilikwenda moja kwa moja kwake, mara ya kwanza bila kitabu na bila somo, mikono mitupu. Alikuwa barazani anapepeta mtama. Nywele zake zimekuwa nyeupe zote. Nilimwambia wamenistaafisha. Akasema amesikia, na akauliza kama kuna kustaafu kwenye madeni.

"Jibu sijaleta," nikamwambia.

"Najua. Ungekuwa nalo ungekuja unakimbia." Alisogea kwenye mkeka, akanipa ungo wa pili. "Kaa. Pepeta huu, Dada."

Nilikaa. Tulipepeta mpaka mtama ukaisha, akanifungia kiasi kwenye kitambaa, akaniambia nirudi Alhamisi. Nitarudi. Bado ananidai.